Mashada ya Khaing Nwe

Jumamosi, 20 Oktoba

Kosa la watu wengi ni kudhani mwimbaji wa roki hupendwa kwa sauti yake. Sivyo. Hupendwa kwa kuwa watu wameona wengine wakimpenda. Ndiyo maana mashabiki hupanda jukwaani kumvisha mashada. Bila mashada, umeimbia ukuta.

Khaing Nwe, binti wa mdogo wangu, aliwahi kuitikisa Yangon nzima. Akaolewa, akanyamaza miaka kumi. Kesho anajaribiwa hapa mtaani mbele ya Daw Htay Kyi, mama anayechagua mwimbaji wa usiku wa mwezi mpevu. Wimbo mmoja tu. Akikosa, asema, anaacha kuimba kabisa.

Mpango wangu: walimu wenzangu wastaafu, sita, kila mmoja na shada la asumini. Ko Pauk, mpiga gitaa wake, akauliza kama huo ni muziki au mazishi. Wapiga gitaa hawana subira ya kuelezwa.

Jumapili, 21 Oktoba

Asubuhi, mazoezi ya walimu kupanda ngazi za jukwaa. Wote vizuri, ila Daw Saw Mya. Magoti.

Jioni. Ubeti wa kwanza: sauti kama radi. Nikatoa ishara. Wakapanda.

Jambo moja lilinipita. Huu ni msimu wa sikukuu ya taa, tunapowasujudia wazee na walimu, na hawa sita wamefundisha nusu ya mtaa. Khaing Nwe alipowaona, akaweka kipaza sauti chini, akapiga magoti. Ko Pauk naye, gitaa mgongoni. Mpiga ngoma. Kisha uwanja mzima. Daw Htay Kyi mwenyewe aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Daw Saw Mya, kuona darasa limetulia, akatoa baraka. Kisha nasaha kuhusu meno. Muda wa Khaing Nwe ukaisha.

Ko Pauk akanipongeza: "Mwalimu, umeilaza roki usingizi."

Jumatatu, 22 Oktoba

Khaing Nwe hakunigombeza. Alinimiminia chai, jambo baya zaidi. Kisha akaenda peke yake kwa Daw Htay Kyi, akamkuta anakaanga mamung'unye. "Mama, jana hukunisikia." Akaimba pale pale jikoni, bila gitaa. Mamung'unye yaliungua yote. Amechaguliwa.

Ameniomba kitu kimoja: "Baba mkubwa, Jumatano njoo ukae tu. Mikono mapajani." Nimekubali.

Jumatano, 24 Oktoba

Mwezi mpevu leo. Nimetafakari kwa utulivu, nikaliona kosa: walimu walikuwa wengi mno. Shada moja latosha, likitoka kwa mtu mzito. Mama mkwe wa Khaing Nwe yuko mji wa Bago, na hajawahi kumsikia akiimba. Mikono yangu itabaki mapajani. Shada atalibeba yeye.

Anayemtakia mwimbaji mema na afanye hivi leo: apande basi la asubuhi, akamlete mama mkwe wake.