Habari za Barka na Sinia la Wali Lililorejeshwa Juu ya Sakafu ya Bwana Jeilani

Nyamazeni, jamaa. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia ama toka, usinizibie upepo. Kwa jina la Mwenyezi aliyegawa riziki kabla hajagawa meno, naanza, na atakayenikatiza nitamtaja jina mbele ya watu.

Wako wanaopenda kusikia habari za Mreno na mizinga yake, na za vita vya Shela na mifupa iliyosalia mchangani. Hao na waende baraza nyingine, wasimulizi wamejaa tele. Mimi nitawahadithia vita nilivyoviona kwa mato yangu haya mawili, katika mtaa wa Mkomani, mjini Amu, Lamu ya wageni, mwaka wa hamsini na nne, vita ambavyo hapakutoka upanga alani wala haikumwagika damu, ila ulimwagika mchuzi kidogo, nao ukapanguswa. Vilipiganwa kwa ajili ya sinia la wali. Nani anayecheka? Shinda na njaa juani siku mbili kwanza, ndipo ucheke.

Shujaa wetu ni Barka wa Langoni, Barka mwenye koo la shaba, kiongozi wa wapigaji sakafu, mtu ambaye akianza kuimba Mkomani wanaooga Langoni hujisugua kwa mahadhi yake. Kimo chake kilikuwa kifupi, na jino lake moja la mbele lilikwisha kwenda zake zamani. Nyumba yake na yangu zilishirikiana ukuta mmoja, na juu ya sakafu niliketi mkono wake wa kulia, kwa hivyo nisemayo sikuyaokota njiani.

Sakafu ya Amu, kwa asiyejua, ndiyo paa la nyumba, nayo haimwagwi ikaachwa. Boriti hupangwa, mawe yakalazwa juu yake, chokaa na udongo vikamwagwa, kisha watu huketi safu na miti bapa mikononi, wakapiga na kupiga, siku tano, siku saba, hata chokaa ishikane isipitishe tone la mvua. Wala haipigwi kimya. Mmoja huimba, wenzake humpokea, na mikono hufuata wimbo, ndipo mapigo yakawa sawa. Na tangu nti hii ipewe jina, mwenye nyumba huwalisha wapigaji wake chakula cha adhuhuri.

Basi Bwana Jeilani bin Mahmud, bwana wa boriti, mwenye ghala mbili na funguo kumi na saba kiunoni, alikuwa akijenga orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, iwe nyumba ya binti yake Kadija, aliyeposwa na Ridhwani, mwana wa Bi Mwanatumu, na harusi ilikuwa imebakia mwezi mmoja. Alituita watu kumi na wawili. Siku mbili za mwanzo yeye alikuwa safarini Mombasa, na mkewe, Bi Swafiya, Mungu amjaze kheri, alitupandishia sinia la wali wa nazi na kolekole mzima amelala juu yake. Barka akaimba hivi, nasi tukampokea:

*Sakafu ya Jeilani, pigani, wana, pigani,*
*wali uko sahanini, na samaki yu pembeni.*

Mtaa mzima ulikuwa ukijua tumekula nini.

Siku ya tatu Bwana Jeilani akarudi kutoka Mombasa, na mwavuli mpya, na akili mpya. Akapanda ngazi, akasimama juu ya chokaa mbichi na viatu vyake, akatuhutubia.

“Enyi wapigaji!” akanena. “Nimetembea, nimeona ulimwengu unavyokwenda. Kule Mombasa makuli hawapikiwi. Makuli hupewa posho mkononi, taslimu, kila mtu akanunua akipendacho. Huo ndio ustaarabu wa zama hizi. Tangu leo jiko langu limefungwa kwenu, na kila mmoja atapata senti thelathini juu ya ujira wake. Furahini, mmekuwa watu huru!”

Tukafurahi, sifichi. Amini wa Kipungani alimbusu mkono.

Lakini fedha ina tabia moja mbaya, nayo ni kuonekana. Wali ulio tumboni hakuna awezaye kukuomba umgawie. Senti zilizo kibindoni kila mtu ana shauri nazo. Zangu siku ile zilikwenda kwa sabuni. Za Amini zilikwenda kwa tumbaku, akala moshi. Za Barka zilifika nyumbani salama salimini, na Radhiya mkewe, ambaye hakuwa mbaya hata kidogo, alipoziona alisema, “Alhamdulillahi, mafuta ya taa,” na zikaisha papo hapo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Chungu cha sima cha Radhiya kilikuwa cha watu watano: yeye na watoto wanne. Baba hakuhesabiwa, kwa kuwa baba hula adhuhuri kwa mwenye nyumba akashiba hadi kesho yake. Sasa baba akawa anarudi magharibi na njaa ya kutwa nzima, anaosha mikono, anaketi na wenziwe, na chungu ni kile kile. Jioni ya pili ya senti, Umi, kitinda mimba, wa miaka mitano, akamwambia mamake ameshiba, na kila mtu aliona hajashiba. Barka akatoka nje akasimama ukutani. Nilimkuta hapo. Aliniambia, “Ndugu yangu, nakula kinywani mwa mwanangu,” na lile koo la shaba likamkatika. Nami nililia, wala sioni haya.

Asubuhi yake tukafanya baraza la vita juu ya boriti.

“Tuache kazi!” akanguruma Amini. “Aipige mwenyewe na mwavuli wake!”

“Tukiacha,” akajibu Barka, “kabla ya adhuhuri ataleta wengine kumi na wawili kutoka Kipungani, na wa mbele watakuwa nduguzo wewe.”

Amini akaketi tena, kwa maana aliwajua nduguze. Ndipo Barka akajifunga kikoi, akashuka ngazi peke yake, akamkabili Bwana Jeilani kizingitini, nasi tukachungulia kutoka juu.

“Ewe Bwana Jeilani, bwana wa boriti!” akasema. “Sikuja kukuomba ziada. Twaa senti zako, turudishie wali wetu.”

“Ewe Barka,” akajibu Bwana Jeilani, “huna elimu. Fedha ndiyo wali. Fedha ndiyo samaki. Fedha ndiyo kila kitu.”

“Basi zitie chunguni leo adhuhuri, uzichemshe, tule mimi nawe.”

Uso wa Bwana Jeilani ukaiva. “Mapatano ni kupiga sakafu! Panda ukapige!”

“Tutapiga, bwana. Umekodi mikono ishirini na minne na yote utaipata. Ila sauti zetu hukuzikodi. Hizo tulikuwa tukizitoa kwa wali wa Bi Swafiya.”

“Msiimbe! Nani aliyewaomba makelele yenu?” akasema mzee wa watu, akaufungua mwavuli, akaenda zake ghalani.

Barka akapanda. Akaketi. Akauinua mti wake kwa taadhima ya amiri anayeinua bendera, akatikisa kichwa mara moja, na tukapiga. Du. Du. Du. Hakuna neno. Ilikuwa inatisha kuliko mizinga yote ya Mreno.

Na hapa lazima niwafahamishe jambo la mji wetu. Iko siku moja tu sakafu hupigwa pasi na wimbo, nayo ni pale chokaa imekwisha kumwagwa na haiwezi kungoja, na ndani ya nyumba hiyo amekufa mtu. Je, Barka alilikumbuka hilo? Nilimwuliza baadaye, akanitazama kwa uso mkavu, akasema yeye siku ile alikuwa akifikiri chokaa tu.

Ilipofika saa tatu, muuza kahawa aliacha kugonga vikombe vyake. Saa nne, wanawake walikuwa wakiulizana madirishani. Saa tano, wazee wawili wa mtaani walijitanda mashuka yao, wakamkuta Bwana Jeilani akirudi, wakampa mkono kwa huzuni.

“Bwana Jeilani, pole sana. Mungu akupe subira.”

Bwana Jeilani alikuwa akifikiri gharama za harusi, ambazo alizifikiri usiku na mchana. Akashusha pumzi. “Amin, wazee wangu. Ni mzigo mzito. Lakini kila mwenye binti utamfika.”

Wale wazee wakatazamana. Binti! Kadija, bibi arusi wa watu! Hawakungoja neno la pili. Nami niliwaona kwa juu, watu wa miaka sabini kila mmoja, wakikata kona mbio wakapoteza kiatu.

Kabla ya adhana ya adhuhuri kichochoro kilikuwa kimejaa. Na katikati ya umma huo akaja Bi Mwanatumu mwenyewe, mama wa bwana arusi, buibui upande, machozi shavuni, na nyuma yake wanawake watatu na masinia matatu vichwani, maana alikuwa amepakua chakula cha nyumba yake nzima, kama kilivyo jikoni, ili nyumba ya msiba isiwashe moto. Akaupiga mlango kwa viganja viwili.

“Kadija! Kadija mwanangu! Umetuacha na nani?”

Mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua ni Kadija, hina mkononi.

“Labeka, mama?”

Ukelele alioutoa Bi Mwanatumu, kunguru wa Mkomani waliruka wote. Wa kumshika akamshika. Alipopata pumzi akamvuta msichana kwa mabega: “Ndoo nikuone! Umzima? Na mamako? Basi nani aliyekufa humu?”

“Hajafa mtu!” akapaza Bwana Jeilani, akijipenyeza na mwavuli wake. “Nani aliyesema amekufa mtu?”

Umma ukanyamaza. Na katika ule ukimya ikasikika kutoka juu: du, du, du. Bi Mwanatumu akainua uso polepole.

“Nyinyi huko juu! Mbona hamwimbi?”

Barka akainuka akasimama ukingoni mwa sakafu, chokaa hadi nyusi, na maneno yake yalikuwa haya, siongezi wala sipunguzi:

“Ewe Bi Mwanatumu, mama wa mume, salaam kwako na kwa masinia yako! Sisi hatuna msiba. Sisi tuna njaa. Wali tuliokuwa tukila umegeuzwa senti, na senti zimekwenda kwa sabuni, na tumbaku, na mafuta ya taa, na sauti zetu zimefuata huko huko. Bwana wetu hakufanya ubaya, ameiga Mombasa. Sisi tunapiga tu.”

Bi Mwanatumu akamgeukia mwenye nyumba. Alikuwa na machozi bado, lakini yalikuwa yamebadili kazi.

“Bwana Jeilani. Mwanangu alale chini ya sakafu iliyopigwa na watu wenye njaa? Mimi nimemlilia mwanao mzima, ndia nzima, watu wananitazama, kwa sababu ya wali?”

Naapa nilimwona bwana wa ghala mbili akitafuta pa kupita, na hapakuwa na pa kupita. Nyuma ukuta, mbele mkwe, na pande zote watu wa Mkomani, ambao hawakubanduka hata adhana ilipolia. Akakohoa. Alikuwa mfanyabiashara mpaka mwisho.

“Basi,” akasema. “Wali utarudi. Wali mtupu.”

“Na samaki,” ikasema sauti ya Bi Swafiya nyuma ya mlango.

“Na samaki,” akasema Bwana Jeilani.

“Na ndizi mbivu.”

Bwana Jeilani akashika funguo zake.

“Bwana, hawakusikia huko juu.”

“Na ndizi!” akapiga ukelele Bwana Jeilani, na umma wote ukasema, “Allah!”

“Na zile senti je?” akauliza Amini, na Barka akamkanyaga kidole.

Hivyo ndivyo masinia matatu ya kuhani msiba usiokuwapo yalivyopandishwa ngazi ya Bwana Jeilani kwa vifijo. Tukasali kwanza, kisha tukala, watu kumi na wawili, tukala kwa kimya kile kingine, cha watu walioridhika. Hapo ndipo mchuzi ulipomwagika. Kisha Barka akajifuta midomo, akashika mti wake, akafungua lile koo:

*Sakafu ya Jeilani, pigani, wana, pigani!*

Vigelegele vikaitika kutoka madirisha ya Mkomani, na nasikia wa Langoni aliyekuwa akioga alianza kujisugua upya. Enyi wenye kalamu, andikeni: siku hiyo, katika mji wa Amu, sinia la adhuhuri liliondolewa kwa hotuba na likarudishwa kwa kunyamaza, na aliyelirudisha ni Barka wa Langoni, mshindi wa Mombasa na ustaarabu wake wote. Andikeni pia kolekole. Andikeni ndizi.

Magharibi Barka akarudi kwake. Radhiya akapakua sima, nami nilikuwa nimeketi nao, nikimsaidia shujaa kujisifu. Yeye aliegemea ukuta mbali na chungu, tumbo mbele, akawatazama watoto wake wanne wakila hadi vidole vikagonga udongo. Ukabaki ukoko. Na vita vilivyozuka hapo juu ya ukoko ule, baina ya Umi na kaka zake watatu, kwa kucha na kwa viwiko, baba yao akicheka mpaka akafuta machozi, hivyo mimi siviwezi. Vinataka msimulizi mkubwa kuliko mimi.