Breki ya Marehemu na Kopo la Mafuta ya Cherehani

Jumatatu, 3 Juni

Chama cha waendesha baiskeli kitapanda mlima Jumamosi kumkumbuka mke wangu. Baiskeli yake itaongoza. Nani ataipanda? Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema yeye. Nikasema mimi ndiye mgane! Akasema mgane hajapanda baiskeli tangu avae suti ya harusi. Uongo. Nilipanda ya jirani, mara moja, nikarudi kwa miguu.

Binti yangu akaamua. Baiskeli inapiga kelele na kuvuja mafuta, akasema. Breki zikiwa salama kufikia Ijumaa, baba atapanda. Zisipokuwa, mjomba ataichukua, tena moja kwa moja, kuliko ioze bandani.

Moja kwa moja! Baiskeli yake! Nimekubali kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Mpango ninao. Kinacholia hupakwa mafuta. Hivyo ndivyo nilivyoponya mlango, kitanda na cherehani. Mke wangu alikuwa akisema bahati nzuri mtoto wetu hakuwa mlizi, ningempaka.

Jumanne, 4 Juni

Nimepaka. Mafuta ya cherehani, pande zote mbili za ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na pedi zake pia, nisionekane mchoyo. Nikaijaribu kwenye mteremko wa mtaa.

Kimya kabisa! Nikashangilia. Nikabana breki. Kimya kilekile, na mwendo uleule. Nikaishia ndani ya ndoo za plastiki za mwenye duka. Ndoo ni nyepesi ila ni nyingi.

Na nani alikuwa anavuka barabara? Shemeji. Akauliza kama breki ziko likizo. Akanivua ndoo kichwani, akasema sahani ya breki haipakwi mafuta, shemeji yangu, ni kama kupaka ngazi sabuni ili mgeni asichoke. Nikamwambia najua, nilikuwa nafanya majaribio.

Sielewi. Breki zenyewe zinaitwa za mafuta. Unabana mkono, mafuta yanasukuma, pedi zinashika sahani. Ndani mafuta, nje mwiko. Chuma gani hiki chenye masharti kama mama mkwe?

Jumatano, 5 Juni

Nimeosha sahani kwa sabuni ya vyombo. Nimesugua kwa msasa. Sasa inalia zaidi! Jumatatu ilipiga mluzi, leo inaomboleza.

Nikaenda kwa fundi wa kona, yule tunayemwita Kesho Njoo. Akasema njoo kesho. Nikasema niulize tu. Akasema pedi zimekunywa mafuta, hazifai, nitupe. Kutupa? Kilichokunywa mafuta hukaushwa. Nimezichomoa na kuzikaanga kwenye kikaango. Moshi! Binti yangu akatoka chumbani akikohoa, akauliza napika nini. Nikasema breki. Akanitazama, akarudi chumbani. Ana macho ya mama yake akifanya hivyo.

Kosa dogo: pedi zikiwa motoni nilibana mkono wa breki kuona kitatokea nini. Vile vidude viwili vya ndani vinavyosukuma pedi vikatoka, vikakumbatiana, vikakataa kurudi. Nimevisihi. Nimetumia kijiko.

Jambo moja nalikumbuka. Mluzi ule wa Jumatatu ndio uliokuwa ukiniambia amefika. Breki ililia getini, nami nikabandika maji ya chai. Alipomaliza kuvua kofia, yalikuwa yanachemka. Hatukuwahi kulizungumza.

Alhamisi, 6 Juni

Kesho Njoo akasema njoo kesho, ila akauliza naongeza mafuta gani. Nikasema ya majimaji. Akashika kichwa. Kumbe mafuta ya breki yana koo mbili zisizooana! Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba. Yapi ni ya baiskeli yetu? Akasema imeandikwa kwenye mkono wa breki. Nimetazama. Napo nilipasugua kwa msasa jana.

Basi sijaongeza kitu. Panapovuja, kwenye maungio ya bomba, nimefunga plasta ya vidonda.

Jioni shemeji akapita. Akaitazama plasta, akauliza kama mgonjwa ameanza kula. Akasema niandae tu, kesho anakuja kumchukua. Akafuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli kwa kiganja, polepole, mpaka pakang'aa. Akaomba maji ya kunywa, hakuyanywa. Akauliza banda linafungwa kwa kufuli au kwa ndoano tu. Ndoano, nikasema, kwani vipi? Akasema basi tu.

Mtu huyu anataka kuiba baiskeli kabla ya wakati!

Nimepata wazo la mwisho. Mafuta hushuka. Ndiyo maana yanavuja chini! Nimeipindua baiskeli, magurudumu juu, yarudi yalikotoka. Nimeiombea dua pia.

Ijumaa, 7 Juni

Imepona!!!

Nimebana mkono: mgumu, imara. Nimezungusha gurudumu, nikabana: limesimama, kimya. Haivuji hata tone. Kupindua! Mafundi wote wa mjini hawajui!

Yapo mambo madogo nisiyoyaelewa. Niliiacha miguu juu, nimeikuta imesimama. Plasta haipo. Pedi nilizozikaanga mpaka zikawa nyeusi sasa ni safi kama hazijawahi kuona kikaango. Moto husafisha, wazee walisema. Na kuna spana sakafuni isiyo yangu. Labda ni yangu.

Shemeji akaja, macho mekundu, anapiga miayo, kucha nyeusi, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nikamwonyesha. Akabana breki mara kadhaa, akasema nimeshindwa, shemeji, wewe ni fundi. Kwa mdomo wake! Binti yangu akamtazama mjomba wake muda mrefu, akasema basi baba atapanda.

Nimemhurumia shemeji. Wivu umemnyima usingizi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeongoza! Sehemu kubwa nimeongoza nikiisukuma, lakini mbele ni mbele. Juu kileleni tukasimama. Upepo tu.

Kushuka, shemeji aliendesha nyuma yangu karibu mno, akipaza sauti bana sasa, achia, bana. Hajui kwamba aliye mbele yake ndiye fundi mwenyewe. Breki zilishika kila kona. Baiskeli inabaki kwetu!

Nimefika getini kimya. Hakuna aliyejua nimefika. Nimesimama hapo kidogo, sijui nangoja nini.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi breki imelia getini.

Maji yalikuwa jikoni yanaunguruma, nami nimeshika vikombe viwili, ndipo nilipokumbuka.

Alikuwa shemeji, juu ya baiskeli yake. Ilikuwa haina sauti, leo inapiga kelele kuliko ilivyokuwa ya dada yake. Nikauliza imekuwaje. Akasema pedi zake nzuri amempa mtu, akafunga kwake za zamani za mtu huyohuyo, zinanuka kama zilikaangwa. Nikauliza mtu gani huyo. Akasema mbishi mmoja, ila dada yake alimpenda.

Moyo gani huu! Kuvua pedi zako umpe mbishi! Na mbishi mwenyewe huenda hata hajui kushukuru. Watu wengine wana bahati ya marafiki.

Nimempa kikombe cha pili. Ameketi anaitazama baiskeli ya dada yake na kupuliza chai. Nyumbani kwake ni chini ya mteremko, anarudi akimaliza kunywa. Haiwezekani aende na kelele ile.

Nimeomba ruhusa nifuate sukari. Kopo la mafuta ya cherehani lilikuwa palepale. Nimezipaka sahani za baiskeli yake pande zote mbili, ya mbele na ya nyuma, bila uchoyo.

Sijamwambia. Atajua mwenyewe akifika kwenye zile ndoo za mwenye duka.