PDG wa Bidoni Mbili

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2 mwezi wa tatu
Mutoto wangu Gisa anataka kuoa Myriam, binti ya Papa Kabera wa Ngungu. Siku ya posho, Jumamosi, tunaenda kuzungumza mahari. Kabera aliomba ng'ombe watatu. Niko nao, bila kugusa Bihogo, yule wa kahawia. Maziwa yake njo yanalisha hii nyumba.
Lakini nitaingia kule kama nani? Muuza maziwa wa barabara ya Mushaki? Hapana. Nimekuwa PDG wa laiterie, mukurugenzi mukubwa wa kiwanda cha maziwa. Kofia imeshaandikwa PDG. Mama Gisa akauliza ninaongoza nani. Nikasema yeye na Bihogo. Akasema nianze na Bihogo, pengine huyo atanitii.

Siku ya posho, tarehe 7
Barabara mbaya, kofia haikuanguka. Nilimunyang'anya musemaji wetu neno, nikajitambulisha mwenyewe. Nikaeleza na production, maziwa ya kila siku, hasa ya Bihogo wa kahawia. Makofi. Kabera akanipa kiti chenye mto. Kisha wakatoka inje kushauriana.
Wakarudi na heshima nyingi sana. Kabera akasema watatu ni wa muchungaji wa kawaida, kumuomba PDG watatu ni kumutukana. Basi watano, na yule wa kahawia awe ndani.
Nikaitika kwa kichwa. PDG habishani juu ya ng'ombe.
Kufika tu nyumbani, Gisa akasema: Papa, watano hatuna. Uoe na kofia yako basi.

Siku ya pili ya juma, tarehe 10
Nimerudi Ngungu kichwa wazi, kofia imebaki nyumbani. Nikamwambia Kabera ukweli: laiterie ni bidoni mbili na chujio la Mama Gisa. Nimejiuzulu. Alicheka mpaka akashika mulango. Kumbe alijua: PDG gani anakuja na mavi ya ng'ombe kwenye viatu? Walitaka tu kuona nitafika wapi. Akasema wabaki watatu, Bihogo akae kwangu. Kidogo nilie.

Siku ya tano ya juma, tarehe 13
Kadi za arusi. Muchapishaji akauliza baba ya bwana arusi aandikwe nani. Ningesema Rukara, basi. Lakini muntu akijiuzulu, kitu kidogo kinamubakia. Nikaandikisha: Rukara, PDG honoraire, maana yake PDG wa heshima tu.
Jioni Kabera akapiga simu. Ameona kadi, ananipongeza sana. Ila kwao Ngungu, honoraire ni mbuzi mbili juu ya wale ng'ombe.
Nitamujibu kesho. Kwanza natafuta cheo cha mbuzi moja.