Malalamiko Kuhusu Kuponywa Kiungulia Bila Idhini ya Ukoo

Kwa Mganga Mfawidhi wa Zahanati ya Kijiji,
ambaye pia ni Klementina, binti wa dada yangu.

YAH: KURUDISHIWA UGONJWA WANGU KABLA YA JUMAMOSI

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini nimekulea na najua ungeniamkia, kwa hiyo nimeipokea mapema tusipoteze karatasi.

Mimi mjomba wako Isdori ni mzima wa afya, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie kwa masikitiko. Wiki tatu zilizopita nilikuja hapo kifua kikiwaka moto. Ukanieleza kwamba tumbo lina asidi, na mlango ulio kati ya tumbo na koo umelegea, ndiyo maana asidi inapanda. Nilikuelewa haraka kuliko wagonjwa wengine, kwa kuwa darasa la saba nilikuwa wa kwanza katika somo la mwili wa binadamu, mpaka tulipofika utumbo mwembamba kengele ya uji ikalia. Utumbo mpana sikuusoma, nimeujua kwa uzoefu. Ukanipa vidonge, ukanikataza pilipili, pombe ya komoni, na kulala chali nikishashiba. Nikatii. Kiungulia kikaisha. Gesi nayo ikaisha. Hapo ndipo uharibifu ulipoanza, kama ifuatavyo:

1. Ulinitibu bila kuuliza ukoo. Unajua vizuri kwamba kwetu posa haijakubaliwa mpaka mjomba wa binti ale firigisi na paja la kuku wa washenga, kwa ugali wa ulezi, kisha abeue kwa sauti, walio sebuleni na walio jikoni wasikie wote. Asipobeua, kuku amekataliwa. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Kule Msanzi nilibeua mpaka maksai wa Nyanda, yule Msukuma wa huko, wakasimama katikati ya shamba na jembe lao wakidhani wameamriwa kugeuka. Nyanda yupo, kamuulize. Ile ya kijiji cha Kaoze siielezi, maana kofia ya katekista haijapatikana hadi leo.

2. Juzi nilikula kwa Coleta, mke wa mdogo wangu. Ugali, maharage, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga, vyote nikamaliza. Nikakaa. Kimya. Coleta amesimama na jagi la maji ya kunawa, anasubiri. Nikajikaza mpaka masikio yakacheza, kikatoka kitu kama kifaranga anayeuliza njia. Akaniambia, "Shemeji, chumvi imepungua?" Nikamwambia hapana. "Basi sema tu nimekukosea nini," akaingia chumbani kulia. Tangu siku hiyo kwake nakaribishwa chai tu.

3. Jumamosi washenga wanatoka Mpui kuja kumposa mdogo wako Evodia. Sasa nifuate polepole, maana umesoma lakini hili hukufundishwa. Nisipobeua, washenga wataondoka. Wakiondoka, Evodia haolewi. Asipoolewa, hatazaa wale watoto saba ambao majina yao nimeshayapanga. Wasipozaliwa, hawataletwa kliniki kupimwa uzito. Kliniki ikikosa watoto, wakubwa watakuja na gari, watafunga zahanati na kukuhamisha. Kwa hiyo vidonge ulivyonipa vinakufukuza kazi wewe mwenyewe, na mimi nilitia sahihi kwenye daftari lako bila kujua.

4. Nestory. Binamu yangu huyu, ambaye kwenu ni mjomba wa pembeni, anapita nyumba kwa nyumba akisema kiti cha mjomba kiko wazi. Amenikuta pale mashine ya kusaga, mbele za watu, akaniambia, "Kaka Isdori, pumzika. Injini ikishafunguliwa haiungurumi tena kama zamani." Watu wakacheka, hata yule mwenye mashine ambaye huwa hacheki. Klementina, Nestory anabeua kwa soda! Anakunywa chupa nzima nyuma ya nyumba, kisha anaingia amebana midomo kama mtu aliyebeba maji mdomoni. Huo ni udanganyifu. Kwangu mimi hewa inatoka kwenye chakula chenyewe, inapanda kwa kufuata njia, inafika na adabu zake.

Kwa sababu hizo naomba, kabla ya Ijumaa jioni, unirudishie kiungulia changu kama kilivyokuwa, si lazima kiwe kikubwa zaidi. Uniandikie na cheti chenye mhuri kwamba mimi ni mgonjwa halali, Nestory akisome. Vidonge vilivyobaki, ambavyo ni vinne, nakurudishia. Vingine vimo mwilini, sina namna. Tafadhali usinipe badala yake kufunga choo wala kuharisha, maana hayo hayana heshima na huwezi kuyafanya mbele ya washenga.

Nisalimie mama yako, mwambie ule mchicha ulinifikia. Evodia mwambie asilie, mjomba yupo. Wasalimie wauguzi, yule mlinzi mwenye koti refu, na wote walio kwenye foleni, hasa wa matumbo. Mke wangu Mariana anawasalimu pia, ingawa haungi mkono barua hii.

Ni mimi mjomba wako, mgonjwa wa zamani anayeomba kurudishwa kazini,

Isdori

Baada ya sahihi: Nilipomaliza kuandika niliona nisikusumbue, nijaribu mwenyewe. Nimekula bakuli mbili za maharage yenye pilipili, nikashushia komoni, nikalala chali. Mwanangu, nimebeua. Jogoo amekimbilia kwa jirani na Mariana amepiga kigelegele bila kutaka. Lakini tangu hapo moto umewaka kutoka kitovuni mpaka kwenye koo, na maneno haya nayaandika nimesimama, nimeshika nguzo. Namba moja mpaka nne zifute zote. Vile vinne nimeshavimeza, kwa hiyo niongezee vingine, mara mbili ya vile vya mwanzo, umpe anayekuletea barua hii, ambaye ni Nestory. Anakuja mbio kwa baiskeli, Mungu ambariki. Mwambie kiti cha Jumamosi ni chake, na soda nimeshamnunulia mimi mwenyewe. Mbili, moja ya akiba.