Jeshi Lililosahau Kupanda Mlima

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sivyo, marahaba. Naomba nafasi gazetini mwako nipendekeze, kwa adabu zote, Jeshi la Polisi livunjwe na kazi yake lipewe baragumu la kijiji chetu, huku milimani juu ya Maore.

Mimi nalima tangawizi. Shamba langu hunyweshwa kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Zamu yangu ni Alhamisi. Siku hizi kila Alhamisi nakuta mwizi ameshalifungua, limebaki tope na vyura. Tangawizi imenyauka, nami nimenyauka nayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jeshi hili, enzi za Mwingereza, makao yake yalikuwa Lushoto, kwa jirani zetu wa milimani. Baadaye yakahamia Dar es Salaam, na tangu literemke pwani limesahau kupanda. Nilikwenda kushitaki katika kituo kimoja cha bondeni, ambacho sikitaji kwa heshima ya bendera yake. Koplo Muhidin alinipokea vizuri, akaniuliza kama barabara ya kwetu bado ina kona zile zile. Nilipomjibu ndiyo, alisikitika sana, akabaki alipo.

2. Lina vyeo vingi kuliko wezi tulionao. Kuna konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi, mrakibu, kamishna, mpaka Inspekta Jenerali, na katikati wamejaa wasaidizi na waandamizi. Naambiwa kesi yangu inapanda ngazi hizo. Basi kesi imempita Koplo kwa kupanda.

3. Nilitakiwa kuleta kielelezo, yaani maji yenyewe yaliyoibwa. Nikapeleka chupa ya yale yaliyobaki. Wakaniuliza nitathibitishaje kuwa ni ndugu wa yaliyoibwa. Tukiwa tunabishana, sajenti aliyetoka juani akayanywa.

4. Baragumu halina makao makuu wala mwandamizi. Mzee Elirehema akilipuliza kwa ajili ya msaragambo, kijiji kizima hutoka na majembe kwenda kwenye kazi ya pamoja. Litashindwaje kumtoa mwizi mmoja? Alhamisi hii alfajiri tunalipuliza, na polisi waje wajifunze.

Wasalimie wenzako wa chumba cha habari, na kila msomaji mwenye mwizi wake.

Wako katika ukame,
Melkizedeki, mkulima

N.B. Barua ilikuwa bado haijapata basi. Baragumu limelia, kijiji kikafuata mfereji mpaka kwenye maharage ya mke wangu Agatha, yale ambayo nimekuwa nikiyasifu kwa ustawi wake. Tumemkuta na jembe mkononi. Amesema makande hayapikwi kwa tangawizi. Wazee wametoza faini ya mbuzi, na kwa mila zetu kosa la mke hulipwa na mume. Mbuzi ninaye mmoja, nao wameshakaa uani wananoa kisu. Polisi wana sheria nzuri sana, kwamba kila mtu hujibu kosa lake mwenyewe. Mhariri, tafadhali mpigie Koplo Muhidin. Mwambie kona zimenyooshwa.