Mistari Arubaini kwa Sauti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka na wazo. Shule zimefungwa, na kila mzazi hapa Kuze anasema siku hizi mtoto asiyejua kuandika programu za kompyuta ni sawa na asiyejua kusoma. Basi nitawafundisha mimi. Najua kuandika programu? Bado. La kwanza ni chumba.

Chumba chenyewe ni kile cha chini alichokiacha marehemu Baba. Ufunguo anao Dada Saadia, nami nimemwendea dukani kwake Biashara Street. Akaniuliza kama huu ni mradi kama ule wa barafu za ukwaju. Nikamwambia ule ulikuwa mazoezi. Akasema Mwalimu Naomi, mpangaji wetu wa juu, naye amekiomba. Naomi anafanya kazi ofisini Shimanzi, na jioni hufundisha watoto watano barazani kwa laptopu moja. Moja! Uamuzi wa Dada: tufundishe sote wiki hii, Jumamosi wazazi waje watazame, mshindi apewe chumba moja kwa moja.

Lazima nikipate. Nina miaka arubaini na miwili, nalala sebuleni kwa Mama, sina hata mlango mmoja ninaoweza kuufunga nikasema huu wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nina kompyuta saba. Katana, rafiki yangu wa godauni, kanipa bure, zikaja kwa mkokoteni, mtaa mzima ukatoka kutazama. Tumu, binti wa Dada, miaka tisa, kaniuliza kompyuta zenyewe ziko wapi, maana hizi ni skrini tu. Nikamwambia hilo ni somo la wiki ya pili.

Nimepata mtandaoni ukurasa wenye mistari arubaini ya programu. Sielewi hata mmoja. Si neno. Mimi mwenyewe chuoni, kwenye Kurani, nilianza kwa kuhifadhi, tukisoma kwa sauti sote pamoja, maana tukafundishwa baadaye. Ni kweli kwamba mwalimu wetu aliijua hiyo maana. Tofauti ndogo.

Jumatano, 6 Agosti

Watoto ishirini na wawili, wamekunja miguu mkekani uani kwetu. Mimi na bakora ya kuonyeshea, wao wakiitikia. Fungua mabano! Funga mabano! Nukta mbili! Sauti imefika mpaka kwa muuza kahawa. Wazazi wakipita wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Elimu ya kweli husikika.

Barazani kwa Naomi, kimya. Mamake Nasiha, mmoja wa wanafunzi wangu, ananiambia amepita pale mara mbili hakusikia kitu. Kama watoto wanasoma, mbona hawasikiki? Nikamjibu kwamba sipendi kumsema mtu. Kisha nikamsema. Kufikia magharibi watoto watatu kati ya wale watano wamehamia kwangu.

Doa moja tu. Tumu aliuliza: Mjomba, mstari wa tisa una kumi, nikiweka ishirini itakuwaje? Nikamwambia hapa hakibadilishwi kitu. Nikamsimamisha ukutani. Jioni nikamwona barazani kwa Naomi. Damu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejibanza nyuma ya mlango kupeleleza. Naomi akaniona, akaniletea chai, akaniuliza kama ningependa kukaa. Nikasema napita tu.

Nililoliona limenitosha. Programu ya Tumu ilikataa kufanya kazi, na wote wakacheka. Mwalimu pia! Kisha akamuuliza mtoto, unadhani kosa liko wapi? Mwalimu anamuuliza mwanafunzi. Wamekwisha hawa. Chumba nitakipaka rangi ya kijani.

Jumamosi, 9 Agosti



Tulianza sisi. Shukri, miaka saba, aliongoza. Mistari yote arubaini, hakuna aliyekwama. Kina mama walifuta machozi. Lakini watoto hawakusimama hapo. Waliendelea kwa sauti ileile mpaka maandishi madogo ya chini ya ukurasa, ambayo mimi sikuwahi kuyasoma: kwamba programu hii ina makosa manne, mwanafunzi ayatafute.

Dada akauliza ni makosa gani hayo manne. Nikasema swali hilo liko nje ya somo.

Akaja Tumu. Mama ana presha, na kila siku husahau kama amekunywa dawa au la. Mwezi uliopita alikunywa mara mbili akaanguka. Tumu ametengeneza programu: Bibi akinywa dawa anabonyeza, laptopu inamwambia kwa sauti ya Tumu wakati wa dawa nyingine, baada ya saa kumi na mbili, na ukifika inamwita. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ambayo laptopu huihesabu kumi na saba. Mama akabonyeza. Ikasema: Bibi, dawa nyingine ni saa ishirini na tisa.

Nilicheka wa kwanza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tumu hakulia. Alitazama mistari yake, akasema, nimesahau siku ina saa ishirini na nne, na Bibi huhesabu saa za Kiswahili, akaandika kidogo, akamrudishia Bibi yake. Mama akabonyeza tena. Saa kumi na moja alfajiri, ikasema. Mama akaishika ile laptopu kwa mikono miwili, akasema sasa hataogopa tena kulala. Hapo mimi niliona haya, na nakiri. Dada akamkabidhi Naomi ufunguo mbele ya watu wote.

Jumapili, 10 Agosti

Sijatoka nje. Saa kumi na moja alfajiri sauti ya Tumu, kwenye laptopu aliyotuachia Naomi usiku, imeniamsha sebuleni ikimwita Mama anywe dawa. Mama kanywa mara moja tu, akalala kwa raha. Mimi sikulala.

Naomi amebisha hodi. Ati watoto wananipenda, ati nina sauti nzuri ya kufundishia, nije nimsaidie na mimi nijifunze. Nikamwambia mwalimu haketi mkeka mmoja na wanafunzi wake. Akasema mkeka ni mpana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda. Kukagua tu. Wakaniweka kati ya Shukri na Nasiha, magoti yangu masikioni. Tumu akanionyesha jinsi ya kuandika mstari mmoja. Nikaandika kwa kidole kimoja, nikabonyeza, na kompyuta ikajibu: Karibu, Mjomba Yeslam.

Machozi yalinilenga. Nimefurahi leo kuliko siku yoyote mwaka huu. Tumu akaniambia sasa nijaribu kuubadilisha ule mstari, nione itakuwaje. Nikakataa. Uko sawa kabisa ulivyo.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mchora vibao. Nafungua darasa la kompyuta la watu wazima, Jumatatu ijayo. Dada akaniuliza najua nini. Nikamjibu kwamba mimi nimeshamaliza somo la kwanza na wao hawajaanza. Wamejiandikisha kumi na wanane, na fotokopi nimeshapiga. Kabla ya mwisho wa wiki hiyo, wote watakuwa wamehifadhi kwa sauti: Karibu, Mjomba Yeslam.