Malka ya Abdulsalam

Jumatatu, 4 Februari 1957. Garsen.

Leo Mzee Chande kanipa ufunguo wa Landrova yake mpya. Kwa majaribio tu, kasema, na kayarudia maneno hayo mara tatu, kana kwamba mimi kiziwi. Niende Kipini nikamlete mama mkwe wake, Bi Mwanaarusi. Bibi akifika ameridhika, udereva ni wangu. Asiporidhika, ufunguo anapewa Kazungu wa lori la pamba.

Kazungu huendesha kama aliyepakia mayai. Nimemwambia hivyo dukani, mbele ya watu. Kajibu kwamba mayai yake hufika. Watu wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Azma yangu: Kazungu hutoka Kipini alfajiri, akafika hapa alasiri. Mimi nitafika kabla ya adhuhuri.

Jumanne, 5. Kipini.

Nimeiosha Landrova mara mbili. Nimeipitisha mbele ya kila baraza, kisha nikarudi nayo, kwa ajili ya wale waliokuwa ndani. Bi Mwanaarusi kaja kuitazama. Kaniuliza kama si mimi yule mtoto aliyetumbukia kisimani siku ya maulidi. Nimesema ni mwingine.

Mizigo yake ni sanduku, kuku wawili na mtungi wa achari ya ndimu. Mtungi hauweki nyuma. Ataupakata.

Jumatano, 6. Ukingoni mwa mto.

Naandika nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Tulikwenda vizuri sana, asije mtu akasema vingine. Bibi kaniomba mara moja nipunguze mwendo, kisha kaanza kusoma Yasini, nikajua ameshazoea. Zikiwa zimebaki maili nne tukamkuta Guracha, mchungaji wa Kiorma, ametangulia mbele ya ng'ombe wake. Kiangazi hiki mifugo yote yateremka mtoni, na inapokata barabara kwato huchimba. Njia hiyo ya ng'ombe kwenda majini huitwa malka. Nikamuuliza, bila kusimama sawasawa, kama malka ya mbele ni mbaya. Kasema si mbaya, hata ndama wa jana anapita.

Ndama wa jana! Nikakanyaga mafuta.

Ni kweli, ndama hupita. Hushuka, akatembea chini, akapanda upande wa pili. Hilo Guracha hakulitaja, nami sikuuliza. Handaki lanifika kiunoni, na tuliliingia kwa mwendo wa maili arubaini na tano. Kichwa changu kimetoboa turubai. Springi moja imekatika. Achari yote imenimwagikia, pilipili mpaka machoni. Bibi hakuumia hata ukucha. Kakung'uta buibui lake taratibu, kisha kasema sasa ana hakika aliyetumbukia kisimani ni mimi.

Kazungu akatokea na lori lake, polepole, akazunguka kando. Kampakia Bibi na kuku wake. Kaondoka kama aliyepakia mayai.

Halafu ng'ombe wakafika. Mia mbili, wana kiu ya siku mbili, na Landrova imeziba njia. Guracha hakufoka. Kasema malka haizibwi, hata na adui. Mwenye kuiziba huchimba nyingine, ama wazee waitwe. Kanipeleka hatua mia nne mbele, pale mafuriko yalipokwisha kula nusu ya tuta la barabara, akaniazimia jembe kwenye shamba la mkulima Mpokomo. Nimechimba nusu iliyobaki mpaka magharibi.

Alhamisi, 7.

Malengelenge kumi na moja. Lakini malka yenyewe, mashallah! Pana, kingo zimenyooka, kina cha kuheshimika. Ng'ombe wamepita bila hata mmoja kusita. Guracha kasema wao wataiita Malka ya Abdulsalam. Kipini nzima nani ana njia yenye jina lake? Marehemu baba hakupata hata kichochoro.

Vijana wa Guracha wameisukuma Landrova ikatoka kwa mbele. Mzee Chande kaja kwa baiskeli pamoja na fundi. Kabla hajafungua kinywa nimempeleka kuona malka yangu. Kaitazama muda mrefu, akapangusa uso. Kasema Bi Mwanaarusi amenitetea, kwamba kijana wa kwao asikoseshwe kazi kwa shimo moja. Basi kesho niilete Landrova Garsen, polepole. Ikifika nzima, ufunguo nibaki nao.

Maili nne tu. Hata kuku wa Bibi angeifikisha.

Ijumaa, 8.

Fundi kachelewa kumaliza. Nikaona watu watakuwa wanaelekea msikitini, na gari inayotambaa haina heshima mbele ya watu wengi hivyo. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka. Nikakanyaga. Nikajitazama kidogo kwenye kioo, kofia imekaa vizuri.

Malka ya Abdulsalam nilikuwa nimeisahau. Mtu hawezi kukumbuka kila alichojenga.

Kazungu kaja. Kanyoosha mkono, nikamwekea ufunguo. Nimeulilia kidogo, nimesingizia vumbi.

Lakini haki isemwe. Malka ya zamani imechimbwa na maelfu ya ng'ombe, miaka na miaka, na ilikata springi moja tu. Yangu nimeichimba peke yangu, mchana mmoja, na imekata springi mbili, ekseli na taa ya kushoto.

Ng'ombe wa Guracha wamesimama nyuma yangu. Mwenyewe karudi sasa hivi na jembe. Nimemwambia hii ya pili nitaichimba ndani zaidi.